Birika la Mirihi

Watu wana methali ambayo huirusha kama kokoto: mwenye macho haambiwi tazama. Ukijikwaa kwenye kizingiti cha nyumba yako mwenyewe, unarushiwa. Ukitafuta kalamu huku umeichomeka nyuma ya sikio, unarushiwa. Maana yake haina mafumbo: jambo lililo wazi halihitaji kidole cha kulionyesha. Lakini methali nazo zina upande wa ndani, kama nguo, na upande huo hauonekani mpaka siku mtu aivae kinyume na kutoka nayo mbele za watu. Aliyeivaa kinyume ni binti mmoja wa duka la miwani, na mambo yenyewe yalianzia mbali kweli kweli. Yalianzia Mirihi!

Binti huyo watu walimwita Chiriku, na jina hilo hakupewa kwa hisani. Asubuhi sauti yake ilitangulia kuingia dukani, yeye mwenyewe akafuata. Alikuwa amehitimu chuo, tena masomo ya upimaji wa macho, na mama yake alikitundika cheti chake ukutani juu ya televisheni ili mgeni asiweze kutazama taarifa ya habari bila kukiona. Hata hivyo, tangu aajiriwe alikuwa hajampima mtu. Kazi yake ilikuwa ya mbele ya duka: kufuta fremu kwa kitambaa laini, kukunja mikono ya miwani ikae vizuri masikioni, na kuwaambia wateja, "Hiyo imekukaa hasa!" hata pale ambapo haikuwakaa.

Alichokitamani kilikuwa nyuma ya pazia. Huko kulikuwa na chumba chembamba chenye giza kidogo, ubao wa herufi ukutani wenye taa yake, na kiti cheusi kilichochanika ngozi kwenye mkono mmoja. Anayekaa kwenye kiti hicho ni mteja, lakini anayesimama kando yake ndiye mpimaji, na mpaka siku hizo mpimaji alikuwa mmoja tu: mwenye duka, mwanamke mrefu asiyepoteza neno, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Vipimo. Miguu ilikuwa imeanza kumsumbua, na alihitaji mtu wa kumwachia kiti.

"Ijumaa utampima mteja mbele yangu," alimwambia Chiriku mwanzoni mwa wiki. "Ukifaulu, kiti ni chako. Usipofaulu, kuna binti mwingine ameleta maombi. Nitamwita yeye, na wewe utabaki na kitambaa chako."

"Mama, hapo umemaliza! Kiti hicho nishakikalia!"

"Mpimaji hakikalii," alisema Mama Vipimo. "Anasimama."

Sasa, Chiriku alikuwa na mapenzi mengine. Simu yake ilikuwa makao ya kundi la mtandaoni liitwalo Jicho la Mirihi, lenye maelfu ya watu kutoka huku na huku: walimu, mafundi umeme, wauza nguo, wastaafu, wanafunzi. Kila siku roboti zilizoko kwenye sayari ile hupiga picha za mawe na mchanga, picha zinawekwa wazi kwa yeyote, na wanakundi huzipekua kama mtu anayetafuta sarafu iliyodondoka. Wakiona kitu cha ajabu, wana desturi yao. Unakuza picha, unakizungushia kitu chako duara jekundu, unakipa jina, ndipo unaposti. Picha isiyo na duara hakuna aliyehangaika nayo. Kwa njia hiyo walikuwa wameona sungura, mfupa wa paja, na hata kisigino cha kiatu. Bwana mmoja aliona uso wa baba mkwe wake na hakukubali kusikia neno jingine.

Mwanzilishi wa kundi aliitwa Kamanda, naye aliandika kila kitu kwa herufi kubwa. Chiriku alikuwa msaidizi wake, mwenye uwezo wa kuingiza na kutoa watu. Tena kulikuwa na mwanachama mmoja ambaye kila sherehe ilipopamba moto alikuja na maji. Walimbandika jina la Barafu. Swali lake lilikuwa lile lile siku zote: "Picha ya mawe hayo hayo kutoka pembe nyingine iko wapi?"

Alhamisi, wakati wa mapumziko ya mchana, Chiriku alikuwa amekaa kwenye stuli nyuma ya kaunta, mkate mkono mmoja, simu mkono mwingine. Akakuza picha. Akaikuza tena. Mkate ukamponyoka.

Birika! Wallahi birika! Tumbo la mviringo, mkono juu, mdomo wa kumiminia umeinuka kidogo, na mfuniko wake. Limekaa juu ya mchanga mwekundu kama mtu amelitua mara moja akaenda kuchukua vikombe. Akachora duara, akaandika: "JAMANI! BIRIKA LA MIRIHI! Nani alikuwa anachemsha chai kule?" akaposti kabla hata ya kuokota mkate.

Kundi lilichachamaa. "Naliona mpaka mvuke!" aliandika fundi mmoja. "Hilo ni la alumini, najua ninachosema," akajibu muuza vyombo. Mwalimu mmoja akauliza sukari iko wapi. Kamanda akatangaza: "JUMAMOSI MCHANA TUNAKUTANA MUBASHARA. CHIRIKU ATALIELEZA BIRIKA LAKE. ALIKENI WENZENU!"

Ndipo akaja Barafu. "Mimi naona mawe. Naomba picha isiyo na duara, na picha za siku iliyofuata. Roboti ilisogea, tulione kwa upande mwingine."

Damu ya Chiriku ilichemka kuliko hilo birika. Akaandika, "Kaka Barafu, mwenye macho haambiwi tazama!"

Vicheko vilimiminika. Barafu akajibu taratibu, "Dada, mbona basi umenizungushia duara?"

Jibu hilo halikumfurahisha Chiriku hata chembe. Alibonyeza, na Barafu akatoka kundini kama nzi aliyefukuzwa kwenye uji. "Ngoja nione kama utaganda huko nje," alijisemea, akarudi kufuta fremu akiimba.

Ijumaa ikafika. Mteja aliyekuja alikuwa dereva wa lori la saruji, baba mwenye mabega kama mlango na vumbi jeupe kwenye nyusi, mchangamfu kupita kiasi. "Macho yangu hayana neno," alisema akijitupa kitini mpaka kiti kikaguna. "Ni bosi wangu tu na wasiwasi wake. Nimeparaza geti mara moja, basi imekuwa nongwa."

Mama Vipimo alisimama kwenye kona, mikono ameifumbata. Chiriku alimfunika dereva jicho moja, akawasha taa ya ubao. Kichwa chake kilikuwa kimejaa birika mpaka juu. Simu ilikuwa ikitetemeka mfukoni bila kupumzika, na kila ikitetemeka alijua ni mtu mwingine ameliona.

Mistari ya juu dereva aliisoma bila shida. Kwenye mstari wa nne akaanza kukunja uso. "Hapo... hapo kuna kitu."

"Ya kwanza ni P, sivyo?" Chiriku alisema kwa huruma.

"Eeh! P hiyo! Sasa naiona."

"Na inayofuata ina kitumbo, kama..."

"Kama B! Ndiyo, B."

Wakaendelea hivyo mpaka mwisho wa mstari, wakishangilia kila herufi kama watu wanaotegua vitendawili. Chiriku aligeuka uso ukimng'aa. "Mama, anahitaji lenzi nyepesi tu. Mstari wa nne ameumaliza wote!"

Mama Vipimo alisogea hadi ukutani, akaugeuza ubao upande wa pili, wenye herufi nyingine. "Baba, nisomee mstari wa nne."

Dereva alinyoosha shingo. Akafinya jicho. Akacheka kidogo, kisha kicheko kikamwishia. "Mama, hapo pana maandishi kweli?"

Simu ya Chiriku iliacha kutetemeka, kana kwamba nayo imeona haya.

"Umempima yeye au umejipima wewe?" Mama Vipimo aliuliza. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililouma. "Ulimtajia, naye akaona. Hakudanganya, kweli aliiona P yako. Ungemrudisha barabarani na lori la saruji na macho ya kukopeshwa." Akamgeukia dereva. "Baba, lori lilale mpaka Jumatatu. Uje asubuhi upimwe upya." Kisha kwa Chiriku: "Utampima wewe. Mara ya mwisho. Yule binti mwingine nimemwambia asubiri simu yangu."

Jioni hiyo Chiriku alirudi nyumbani amenyamaza, jambo lililomtia mama yake hofu kuliko kama angerudi na homa. Mama alikuwa akipiga pasi sare za kaka yake Chiriku, mlinzi wa benki, ambaye alikuwa amejilaza kwenye kochi akisubiri shati.

"Nimeharibu, mama. Nilimsaidia mteja kidogo tu."

"Ulimtajia herufi?"

"Kidogo."

"Hata mimi ambaye sikusoma macho najua hiyo inaitwa kuibia mtihani," alisema kaka kutoka kwenye kochi.

Chiriku alitoa simu ili ajifariji. Birika lilikuwa pale, limeshapendwa na watu wasiohesabika. Alilitazama. Halafu akaacha kulitazama birika, akalitazama duara. Jekundu, nene, limeachama. Likamjia wazo ambalo hakulipenda: lile duara lilikuwa kama mdomo wake mwenyewe pale chumbani, likiinama sikioni mwa kila anayepita na kumnong'oneza, "Birika, sivyo?"

Alitafuta picha ya asili, ile isiyochorwa, akamwendea mama yake. "Mama, hapa unaona nini?"

"Mawe."

"Tazama viz..." Akajiuma ulimi. "Haya. Mawe. Kaka, na wewe?"

Kaka aliipokea simu, akaigeuza, akaigeuza tena. "Mbwa amelala. Mbavu hizi hapa. Ana njaa huyo."

"Hamwoni kitu kingine?"

"Kwani umetuitia mawe ya nani?" mama aliuliza, pasi ikitoa moshi mwembamba.

Ndipo Chiriku akafungua ile picha nyingine, yenye duara, na kusema, "Wanasema hili ni birika."

Mama aliweka pasi chini. Akasogeza uso. "Eh! Kweli bwana! Birika! Mkono huu, mdomo ule pale, na mfuniko! Jamani, mambo ya Mungu! Mimi nilikuwa sioni nini?" Akaichukua ile picha ya kwanza, ambayo sekunde chache nyuma ilikuwa mawe matupu. "Hata hapa lipo! Mbona liko wazi hivi?"

Mama yake hakudanganya. Dereva hakudanganya. Maelfu wale kundini hakuna aliyedanganya hata mmoja. Kila mmoja aliona alichotajiwa, na aliyewatajia wote alikuwa yeye.

Akaketi mezani akafanya kile alichoombwa na Barafu. Alizitafuta picha za siku iliyofuata, roboti iliposogea upande. Haikuchukua muda. Lilikuwepo lile jiwe la tumbo. Mdomo wa kumiminia ulikuwa jiwe jingine kabisa, limekaa mbali nyuma yake, hata halimjui mwenzake. Mkono wa birika ulikuwa kivuli, nacho kilishahama na jua. Mfuniko hakuupata popote. Birika lilimvunjikia mikononi, na hakuna kilichomwagika, maana hakukuwa na kitu ndani.

Akampigia Kamanda. Kumbe hata kwa sauti Kamanda alizungumza kwa herufi kubwa.

"USINIHARIBIE JUMAMOSI! Watu wamealikana. Wewe sema tu 'huenda'. 'Huenda' haimdhuru mtu!"

"Kamanda, leo 'huenda' yangu nusura iingie barabarani na lori."

"Lori gani tena?"

"Nitaeleza. Lakini kwanza namrudisha Barafu."

Kumwandikia Barafu kulikuwa kama kumeza kidonge bila maji. "Kaka, nimekukosea. Nilikutoa kwa sababu uliuliza vizuri. Tafadhali rudi, na kesho naomba usimame nami." Hakungoja sana, simu ikaita. Upande wa pili mtoto mchanga alikuwa akilia kwa nguvu zake zote, na juu ya kilio hicho sauti ya mwanamke ikasema, "Kaka ni nani? Mimi ni mama wa watoto, mdogo wangu. Naandika kwa kidole gumba, mkono mwingine una mtu. Ndiyo maana maneno yangu mafupi, si ubaridi!"

Walicheka mpaka mtoto akanyamaza kuwasikiliza.

Jumamosi mchana kundi lilifurika. Chiriku aliketi kwenye meza ya mama yake, cheti kikionekana nyuma juu ya televisheni. Aliwasalimu, kisha kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akasema maneno machache.

"Nawaonyesha picha moja. Haina duara, na sitasema kitu. Kila mtu aandike anachokiona, lakini asitume mpaka niseme. Msichunguliane."

Akaweka ile picha ya siku ya pili. Alitamani kudokeza, ulimi ukamwasha kama umeng'atwa na siafu. Akaushikilia kwa meno. Halafu akasema, "Tumeni."

Majibu yalimwagika. Kiatu kilichokanyagwa. Mamba. Mto wa kulalia. Kobe wawili wanagombana. Ndizi. "Mama mkwe," aliandika yule bwana wa baba mkwe, safari hii amebadilisha mkwe. Muuza vyombo, aliyejua alumini yake, aliandika: "Sioni kitu, ni mawe."

"Haya ni mawe ya birika," Chiriku alisema. "Yale yale. Roboti ilisogea tu. Nimeyasoma majibu yote, hakuna hata mmoja aliyeliona."

Malalamiko yakaanza. "Umetuharibia raha yetu!" "Nishawatangazia ofisi nzima!" Kamanda akaandika, safari hii kwa herufi ndogo, kwamba amesikitika, akatoka mkutanoni, na wengine wakamfuata. Chiriku aliona majina yakizimika moja baada ya jingine, kila moja likimchoma. Akawaeleza waliobaki habari za dereva na herufi yake ya P, hakuficha kitu.

"Basi huko Mirihi hakuna kitu?" aliuliza mstaafu mmoja, sauti imejaa huzuni ya kweli. "Mimi nakaa peke yangu. Picha hizi ndizo zinazoniamsha asubuhi."

Chiriku alifikiri kabla ya kujibu, jambo geni jingine. "Baba, sijasema hakuna. Nasema hatujaona bado. Na siku kikiwepo kweli, tutakionaje kama kila siku tunapakana rangi machoni?"

"Tuanze leo," ilisikika sauti ya Barafu, mtoto akikoroma begani kwake. "Picha kwanza, kila mtu aone lake. Duara baadaye. Baba mstaafu, wewe una muda na una macho. Utufungulie picha ya kesho."

"Mimi?" alisema mstaafu. Akasikika akivuta kiti karibu na meza.

Jumatatu asubuhi dereva alikuwa wa kwanza mlangoni. Mama Vipimo alisimama kwenye kona yake ile ile. Dereva aliketi, akainamisha kichwa kwa Chiriku na kumnong'oneza, "Binti, tusaidiane. Mstari wa nne unaanza na nini leo? Nidokeze tu, bosi wangu hatajua."

Chiriku alitabasamu. Hakusema kitu.

"Ni R? Ama K? Angalau nitikisie kichwa."

Chiriku, ambaye mtaa mzima ulijua kwamba hata usingizini huongea, alisimama kando ya kiti kama nguzo. Dereva alihangaika, akafinya macho, akashusha pumzi kama mtu anayetua gunia. "Sioni," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Kusema kweli sijauona tangu mwaka jana. Naogopa kunyang'anywa lori."

"Hapo ndipo tunapoanza, baba," Chiriku alimwambia, akamvika ile fremu nzito ya majaribio inayomfanya kila mtu afanane na bundi. Akaweka lenzi, akaondoa, akaweka nyingine. Hakuuliza zaidi ya "Hii, au ile?" Akaugeuza ubao bila kuambiwa. Polepole, bila kidole cha mtu, dereva akaanza kusoma: mstari wa nne, wa tano, na herufi mbili za wa sita.

"Nenda nayo mpaka dirishani," Chiriku alisema, "utazame mbali."

Dereva alipita pazia, akasimama mbele ya kioo cha duka. Hakuna aliyemwonyesha upande wa kuangalia. Mara akashika kichwa.

"Mama yangu! Kile kibao kule ng'ambo kimeandikwa 'Usiegeshe hapa'! Na mimi lori langu nimeliegesha chini yake tangu Ijumaa!"

Akatoka mbio, fremu ya bundi ingali usoni, Chiriku akimkimbilia nyuma, "Baba, lenzi zetu! Rudisha lenzi zetu!"

Chiriku aliporudi akihema, lenzi mkononi, alimkuta Mama Vipimo ameshika simu ya duka. Alikuwa akimwambia mtu, kwa upole, kwamba nafasi ile imeshajazwa. Akakata, akamtupia Chiriku ufunguo wa chumba cha nyuma, naye akajongea mbele polepole kwa miguu yake mibovu, akachukua kitambaa laini na kuanza kufuta fremu.

Chiriku aliudaka ufunguo. Alikuwa na maneno elfu. Akaangalia kile kibao cha ng'ambo, akaangalia lori likirudishwa nyuma kwa aibu na dereva mwenzake, akayameza yote isipokuwa yale aliyomrushia Barafu kama kokoto, ambayo sasa yalikuwa yamemrudia yamegeuka mkate: kweli kabisa, mwenye macho haambiwi tazama.